Gaidi Mwenye Cheti

Mlango wa kukagua watu ulipowekwa kwenye jengo la Mkuu wa Usalama, wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, kisha wakapita chini yake mmoja mmoja wakitabasamu kama maharusi. Mlango ukalia kwa kila aliyepita. Ulilia kwa mikanda, ukalia kwa miwani, ukalia kwa jino la dhahabu la mgeni rasmi. Wakapiga makofi. Walisema hiyo ndiyo dalili kwamba unafanya kazi.

Wiki iliyofuata alipita fundi sofa.

Hakujipeleka. Aliitwa na ofisi yenyewe. Kochi la Mkuu lilikuwa limezama katikati, mgeni akikaa magoti yanakuja usawa wa masikio, na Mkuu aliona wageni wanaheshimu kochi kuliko yeye. Fundi alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeongea na vitu anavyovitengeneza kama mtu anayebembeleza mtoto. Alikuja na mkoba wake wa kazi begani, akapita mlangoni, mlango ukapiga mayowe.

"Umebeba nini humo?" askari wa mlangoni akauliza.

Fundi, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri, akasema kweli: "Misumari, springi, gundi na waya."

Ungemwambia hivyo mtu yeyote mwingine, angekuuliza unatoza kiasi gani kwa kiti kimoja. Lakini askari yule alikuwa ametoka semina asubuhi hiyo hiyo, na semina bado ilikuwa ya moto kichwani. "Laleni chini!" akapaza sauti, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kulala. Karani akaingia chini ya meza. Watu wa foleni ya vitambulisho wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Na Mkuu wa Usalama, ambaye kazi yake ni usalama, akapitia dirishani.

Dirisha lilikuwa la chini tu. Lakini Mkuu alikuwa mzito, kwa cheo na kwa mwili, akateguka kifundo cha mguu mbele ya raia wenye simu zenye kamera.

Mambo yaliharibikia hapo. Kama Mkuu angebaki kwenye kiti chake, fundi angepigwa makofi mawili ya kumfundisha adabu, akashona kochi, akaenda zake. Lakini Mkuu aliruka, na nchi nzima ikaona alivyoruka. Mkuu wa Usalama hawezi kukimbia misumari ya sofa. Kilichomkimbiza lazima kiwe kikubwa kuliko yeye. Kufika jioni, habari zikatangaza kwamba shambulio kubwa limezimwa kwa ujasiri wa viongozi, na mmoja wao amejeruhiwa akiwa mstari wa mbele.

Mke wa fundi, Mama Pacha, alisikia habari hizo akiwa anakunja nguo. Alicheka. Alipoona sura ya mumewe kwenye runinga, akaacha kucheka, akavaa viatu, akaenda kituo cha polisi.

"Mume wangu hawezi kumkemea hata paka," aliwaambia. "Paka analala kwenye mto wake, yeye analala pembeni!"

"Ndivyo walivyo, mama," afisa akamjibu kwa huruma. "Wapole sana nyumbani."

"Sasa angekuwa mkali?"

"Hiyo nayo ingekuwa dalili."

Fundi naye huko ndani alikuwa anajifunza elimu hiyo hiyo. Akikana, wanasema amefunzwa kukana. Akinyamaza, wanasema amefunzwa kunyamaza. Siku moja alilia, na aliyekuwa anamhoji akaandika kwamba mtuhumiwa ameanza kuonyesha majuto. Walimwuliza anafuata itikadi gani. Hakujua neno hilo vizuri, akafikiri wanamwuliza mtindo wa kazi, akajibu anapenda ya zamani, ile ya kufunga kwa kamba kutoka chini kabisa. Walitazamana.

Alikaa mahabusu mpaka ndevu zikamjaa usoni, na ndevu zenyewe zikawa ushahidi mpya. Hapo ndipo alipokuja Mratibu.

Mratibu alikuwa kijana nadhifu, mwenye kitambulisho kifuani na sauti ya mtu anayeongea na wagonjwa. Yeye ndiye aliyesimamia Kituo cha Kurejesha Waliopotoka. Kilikuwa kimejengwa kwa msaada wa wafadhili, kikapakwa rangi ya kutuliza akili, kikawekewa vitanda, ukumbi, bustani ya mboga, na mashine ya kahawa iliyokuwa inatumiwa na Mratibu peke yake.

"Ndugu yangu," alimwambia fundi, "nitakuwa muwazi kwako. Tuna walimu. Tuna washauri wa saikolojia. Tuna mpaka mwalimu wa michezo. Tunachokosa ni magaidi."

"Hamna hata mmoja?"

"Wale wa kweli hawakamatiki, ndiyo shida yao. Na wafadhili wanakuja kukagua. Sasa sikiliza. Ukikana, hiyo ni kesi. Kesi haina mwisho, unajua mahakama zetu. Ukikiri, hiyo ni mafunzo. Mafunzo yana mwisho, na mwisho wake kuna cheti."

"Lakini mimi ni fundi sofa."

"Na utarudi kuwa fundi sofa!" Mratibu akafurahi, kama vile wameelewana. "Hiyo ndiyo maana yenyewe ya kurejea."

Fundi akaomba kwanza aongee na mkewe. Mama Pacha alisikiliza yote kupitia wavu wa chumba cha wageni, akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa chake, akasema: "Kiri, Baba Pacha. Watoto wanakuuliza kila siku. Wakitaka, kiri kwamba wewe ndiye uliyemdanganya Hawa. Wewe toka tu."

Akakiri.

Kituoni alikuwa mwanafunzi peke yake. Walimu waligombea kumfundisha. Mshauri wa saikolojia alimtungia hadithi ya maisha yake, kwa sababu ile aliyokuwa nayo haikufaa: akapewa marafiki wabaya, akapewa video za usiku kwenye simu, akapewa kambi msituni kando ya mto, akapewa ndoto ambayo marehemu baba yake anamwita arudi. Baba yake alikuwa hai, anafuga njiwa, lakini walisema marehemu anagusa zaidi. Alifundishwa mahali pa kunyamaza, na mahali pa kuangalia juu kama anayezuia machozi. Kwenye mtihani wa mwisho akawa wa kwanza. Akawa pia wa mwisho.

Wafadhili wakaja, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakamsikiliza. Alipofika kwenye ndoto, mama mmoja mwenye kofia pana akatoa leso. Fundi akakabidhiwa cheti chenye fremu, akarudi nyumbani kwa gari la serikali lenye king'ora, ili mtaa mzima ujue kwamba gaidi amerudi salama.

Sasa nani ampe gaidi kochi lake? Wateja waliokuwa wakimsubiri wakaja kuchukua viti vyao hivyo hivyo, vimepasuliwa, sponji inaning'inia. Jirani mmoja alikataa katakata kumpa godoro, akasema hawezi kulalia kitu asichojua ndani kimewekwa nini. Kazi iliyobaki ilikuwa moja, kuhutubia. Mratibu alimpeleka kwenye shule, kwenye kumbi, kwenye warsha za maafisa. Wakubwa walishika tama wakimsikiliza akieleza jinsi magaidi wanavyofikiri, na wakaandika.

Kusema kweli, alizidi kuwa mzuri. Ule mto aliongeza mamba. Kambi akaiongezea kiongozi mwenye jicho moja. Nyumbani Mama Pacha alikuwa akimwita, "Gaidi wangu, chai inapoa," na wanacheka, lakini kicheko kilikuwa kinapungua kila wiki, kama sabuni.

Ilikuwa baada ya hotuba kwenye shule fulani. Wanafunzi walikuwa wametoka, Mratibu anapiga picha na walimu, na mpishi wa shule, mama wa makamo aliyevaa aproni yenye madoa ya moshi, akamfuata fundi pale jukwaani.

"Mwanangu," akasema, "nina kijana. Kitinda mimba wangu. Alisomea umeme, akakosa kazi, akapata watu wa kumwambia kazi ipo. Yuko huko." Hakusema huko wapi. "Hunipigia Jumapili mchana, akipata simu kwa kujificha. Haongei sana. Nataka uniambie, nimwambie nini ili arudi?"

Fundi akafungua mdomo, na hotuba ikatoka yenyewe: upendo wa familia, milango ya serikali iko wazi, hakuna aliyepotea asiyeweza...

"Hayo nimeyasikia sasa hivi nikiwa nimesimama dirishani," mama akamkata, bila hasira. "Mimi nakuuliza wewe. Siku ile unaamka unasema narudi, ni kitu gani? Njaa? Woga? Mtu alikuambia neno? Nipe hilo neno."

Fundi akaangalia juu, mahali pale alipofundishwa kuangalia. Safari hii machozi yalikuja kweli, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani hakula. Mama Pacha akaondoa sahani, akakaa mbele yake. "Leo wamekufundisha kulia bila hadhira?" Alipoelezwa, utani ukamwisha. Akasema, "Huyo hakuja kupiga makofi, mume wangu. Amekuja na mtoto wake mkononi. Nenda ukamwambie kweli."

Kesho yake mchana akamkuta mpishi nyumbani kwake, chumba kimoja na pazia katikati, kitanda upande mmoja, jiko upande mwingine, ukutani picha ya kijana mwenye joho la chuo na bisibisi mfukoni. Fundi akamweleza yote, kuanzia kochi la Mkuu mpaka mamba. Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi.

Mama hakufanya lolote. Alikaa kitandani polepole kama mtu anayeteremshwa kwa kamba.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kurudi," akasema.

Fundi alitamani angepigwa kofi.

Baada ya muda mrefu mama akainuka, akabandika chai, maana mgeni ni mgeni. "Uje Jumapili," akasema akiwa amempa mgongo. "Uongo wako nimeusikia, ni mzuri. Mimi maneno yamenikauka. Akipiga huwa namwuliza amekula, anasema amekula, tunanyamaza mpaka inakatika."

Jumapili simu ikaita. Mama akasema yuko na mtu, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Nani?" sauti ikauliza. Ilikuwa sauti ya kijana aliyechoka.

"Mimi ndiye yule wa kwenye runinga. Aliyerudi."

"Wewe ulikuwa kambi ipi?"

"Ile ya msituni. Kando ya mto."

"Mto upi? Na mlikuwa mnakula nini?"

Fundi akatoka jasho. "Nyama," akasema. "Nyama ya porini."

Ikaja sauti ya ajabu, kama mtu anayekohoa. "Nyama! Mzee, huku juzi watu wameshikana mashati kwa ajili ya ukoko wa ugali. Ungekuwa na nyama ungerudi kufanya nini? Wewe hujawahi kufika hata karibu."

"Kweli," fundi akasema. "Mimi nilikwenda kutengeneza kochi."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, lakini alipofika kwa Mkuu kupita dirishani, kijana akaanza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, kwa sababu ya hao waliokuwa karibu naye, kicheko kikawa kinamtoka puani. Mama yake akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kicheko hicho alikuwa amekizaa yeye, na alikuwa hajakisikia tangu kijana aondoke.

Kisha kijana akatulia. "Kwa hiyo asiye gaidi walimfunga, wakampa cheti. Mimi wakinipata watanipa nini?"

"Sijui," fundi akasema. "Ningekuwa jukwaani ningekuambia milango iko wazi. Sijui. Pengine watakupiga. Jela karibu hakika. Ninachokijua ni kwamba mama yako yuko hapa, na ukisema umekula haamini."

Simu ikakatika. Mama akaichukua, akaifuta kwa aproni kama vile ilikuwa imelia.

Jumapili ya pili ikapita kimya. Ya tatu pia. Mama alipika shuleni, akarudi, akakaa na simu mapajani. Halafu asubuhi moja kijana akagonga mlango, mifupa mitupu, kiatu mguu mmoja, na mguu mwingine kitambaa. Mama akamlisha, akamwogesha maji ya moto kama mtoto mchanga, akamwita fundi. Wakaenda watatu, kwa miguu, kijana akiwa katikati, mpaka Kituo cha Kurejesha Waliopotoka.

"Mna miadi?" mlinzi akauliza.

Mratibu alipoitwa alikuja na kikombe chake cha kahawa na tabasamu la wafadhili. "Karibu, mhitimu wetu! Na huyu ni nani?"

"Ni gaidi," fundi akasema. "Amekuja kurejea."

"Ha ha. Wa semina ipi?"

"Wa kweli."

Kikombe kikaanguka. Mratibu akarudi nyuma mpaka akawa nyuma ya mlinzi, na mlinzi akarudi nyuma mpaka akawa nyuma ya Mratibu, wakaendelea hivyo kama wanacheza. "Hapa hatupokei wa kweli!" Mratibu akasema. "Hatuna vifaa! Kuna watu wanafanya kazi humu!"

Kijana, mwenye kiatu kimoja, akamwomba radhi.

Wanajeshi walikuja na magari sita na helikopta moja. Kijana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bustani ya mboga akila nyanya aliyopewa na mwalimu wa michezo. Jioni habari zikatangaza kwamba gaidi hatari amenaswa kufuatia operesheni kali ya siku kadhaa, na Mkuu wa Usalama, akichechemea kwa heshima, ndiye aliyeiongoza.

Fundi naye alikamatwa siku hiyo hiyo, maana ilibainika kuwa simu ya mpishi ilikuwa ikisikilizwa muda wote. Walimsikia akiongea na gaidi. Walimsikia na kijana akisema watu wanapigania ukoko. Hakuna aliyefikiri kwamba la pili lilihitaji kufanyiwa kazi. Safari hii Mama Pacha alipofika polisi aliwaambia, "Mwacheni huyo, amekwisha iva, mtamuunguza," na yeye akakaa kwenye benchi lao, akagoma kuondoka.

Wakamwachia. Si kwa ajili ya benchi, ingawa yeye mpaka leo anadai ni benchi. Ni kwamba wafadhili walikuwa wanarudi, na mhitimu pekee wa Kituo akionekana amerudi kwenye ugaidi, Kituo kitafungwa pamoja na mashine ya kahawa.

Mahakamani mwendesha mashtaka alieleza jinsi kijana alivyokamatwa akipigana. Fundi akaomba kutoa ushahidi. Akasema kijana alikuja kwa miguu yake, kiatu kimoja, na mama yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kubeba, akasema na lingine: kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuwa gaidi siku hata moja, yote ni kochi.

Mwendesha mashtaka akasimama haraka. Kama huyu si gaidi, basi Kituo ni nini, na Mkuu aliruka kwa ajili ya nini? "Mheshimiwa," akasema, "shahidi ni gaidi aliyerejea, anatambuliwa na serikali. Anaona haya tu."

Hakimu, mama mwenye sauti ndogo ambaye hakuwa amesema mengi siku nzima, akavua miwani. "Kwa hiyo upande wa mashtaka unaniambia shahidi huyu ni mjuzi wa jinsi watu hawa wanavyorejea?"

"Mjuzi kabisa, mheshimiwa."

"Na mjuzi wenu anasema mshtakiwa alijisalimisha."

Mwendesha mashtaka akakaa. Watu wa nyuma wakacheka, wakanyamazishwa, wakacheka tena.

Kijana hakuachiwa. Hii si hadithi ya namna hiyo. Alikuwa amewatengenezea wale watu umeme, na umeme ule ulitumika kwa mambo ambayo alipoulizwa mahakamani aliyajibu akiwa ameangalia sakafu. Alifungwa. Lakini alifungwa miaka ambayo mama anaweza kuihesabu akiwa bado na nguvu za kuihesabu, si ile ya kufia ndani. Mkuu alipata nishani. Mratibu alipandishwa cheo. Kuhusu mlango wa kukagua, waliuzima, kwa sababu kelele zake zilikuwa zinawasumbua wafanyakazi.

Siku za kutembelea wafungwa, fundi humsindikiza mpishi mpaka getini. Yeye haruhusiwi kuingia, ana rekodi. Anabaki nje kwenye kivuli cha ukuta, na Mama Pacha akiwa hana kazi huja pia, wanakaa hapo wakibishana kuhusu watoto.

Mara ya mwisho mpishi alitoka amekunja uso, kikapu kitupu mkononi.

"Kuna nini, mama?" fundi akainuka. "Wamempiga?"

"Ameniambia maharage yangu yana chumvi nyingi!" mpishi akasema. "Mimi! Nimelisha shule nzima! Mtoto anatoka kula ukoko msituni, anakuja kunifundisha chumvi! Nimemwambia basi Jumamosi ijayo hapati kitu."

Aliendelea kugomba njia nzima. Walipofika sokoni akasimama, akachagua maharage, punje kwa punje, kwa ukali, akitupa zile zilizotoboka.